Msasi wa maweni kwenye mapori ya watu

Mtu akisikia Unguja akili yake inakwenda kwenye pweza, urojo na watalii waliolala mchangani, sasa ukimwambia wewe ni msasi, yaani mwindaji, tokea udogo anakukodolea macho, ati kisiwa kile mnasasi nini nyie, kunguru? Nimeulizwa suala hilo Dar, nimeulizwa Maskat, nimeulizwa na mzee mmoja wa Denmark aliyevaa mabuti mpaka magotini, na kila mara najibu vile vile: njoo kusini, lala Mtende au Muyuni, alfajiri uingie maweni na sie, halafu tuzungumze ukishatoka.

Maweni si msitu wa kwenye picha. Ni jiwe tupu la matumbawe ya zamani, lina ncha zinazokata raba, lina mashimo na mapango, juu yake vichaka vimeshikana mpaka unapita kwa kuinama, na udongo hakuna ila ule uliokusanyika kwenye vishimo. Humo anakaa paa wa kawaida, na humo alikuwa akikaa kwa wingi paa nunga, yule mwekundu mwenye madoa meupe miguuni, ambaye dunia nzima hayuko pengine ila hapa kwetu na kwenye vipande vya msitu wa pwani ya Kenya. Babu yangu mzaa mama alinifundisha kumtafuta kwa kutazama juu kwanza, mana paa nunga anawafuata kima, kima wakila mtini wanaangusha maua, majani na matunda nusu nusu, yeye anakuja chini kuokota. Ukiwasikia kima wanakula umeshajua wapi pa kutulia.

Na kusasi kwetu si mambo ya mtu mmoja na bunduki yake, ni kundi zima, wenye nyavu wanakwenda kutega upande mmoja, wenye mbwa na fimbo wanaingia upande mwengine wakipiga kelele, na kabla mbwa hajaachiwa lazima isomwe Bismillahi, aya ipo kwenye Suratul Maida, mnyama aliyefundishwa kusasi anachokushikia ni halali yako ukitaja jina la Mungu. Babu alikuwa na mbwa anaitwa Watasema, mwekundu, sikio moja limechanika, na alikuwa hamruhusu kabisa kusogelea kima punju, yule kima mwekundu wa Unguja, mana wazee wanaamini mbwa akila nyama ya punju anapukutika manyoya yote. Watu wa mjini wanatuona sie waajabu, Muislamu na mbwa, lakini babu alikuwa na chombo chake cha kuoshea, mara saba, moja kwa udongo, hakuna siku aliruka, halafu ndo anaingia msikitini. Hilo nililibeba mpaka ughaibuni na mtaona lilivyokuja kunisumbua.

Baadae nikaingia ubaharia. Wenzangu wakishuka bandarini wanauliza wapi zinauzwa simu rahisi, mie nauliza nani hapa anasasi, na wallahi sijapata kushuka mahali nikakosa mtu, ukitaja uwindaji tu hata kwa lugha ya mikono utaletewa mzee mmoja kutoka nyuma ya nyumba, na huyo mzee ndo atakuwa rafiki yako mpaka meli ing'oe nanga.

Lakini pori la mwanzo lililonikalisha kitako halikuwa mbali, lilikuwa Rufiji, dada yangu ameolewa huko. Shemeji analima mpunga bondeni na msimu ule unapokaribia kuvunwa watu wanahamia shambani, wanalala kwenye madungu, yaani vibanda vya juu ya nguzo ndefu, wanaulinda mpunga usiliwe na nguruwe, ndege na viboko. Nikamwambia shemeji nami leo nalala dunguni, akafurahi, dada akatufungia wali na samaki, tukapanda jua likizama.

Usiku shemeji akawa ananisimulia habari za yule simba aliyekula watu huko kwao mpaka akauliwa 2004, zaidi ya watu 30 walikwenda, na alipochunguzwa akakutwa na jino bovu lenye usaha, taya imevimba, hawezi tena kupambana na nyati, ndo mana akaingia kwa binadamu. Sasa mtu anakusimulia hayo mko juu ya miti minne, giza totoro, chini mpunga unasukwasukwa na upepo, na mie nimetoka kisiwa ambacho mnyama wa kuogopwa alikuwa chui tu na mara ya mwisho nimemuona amekaushwa, yuko ndani ya makumbusho pale Mnazi Mmoja.

Basi usiku wa manane dungu likaanza kutikisika. Si upepo. Nguzo moja inasuguliwa, inasuguliwa, chandarua kinacheza, sufuria la wali linagongana na kuta za kibanda. Shemeji akaninong'oneza, kiboko, anajikuna. Amekula mpunga akashiba sasa anajikuna mgongo kwenye nguzo yetu. Sie wasasi wa Unguja tukisikia mnyama mwili wote unakwenda kule aliko, ndo tulivyozoeshwa, nikanyanyuka, shemeji akanikamata shati akaniambia kaa, hapa pori letu mtu hashuki, na hasa hashuki upande wa mto, kiboko akiona uko baina yake na maji hakuulizi jina. Akachukua debe lake la kupigia kelele ili aligonge, dungu likayumba, debe likamponyoka, likaanguka chini likampiga kiboko sawasawa kichwani, mlio wake sijapata kuusikia mwengine. Yule mnyama akatimka, na alipogeuka akaichukua nguzo ya pembeni na kamba zake, kwenye zile kamba ndo kulifungwa chandarua cha shemeji, chandarua kipya cheupe alichopewa dada kliniki, tukakiona kwa mwanga wa mwezi kinashuka kuelekea mtoni juu ya kiboko kama shela ya bibi harusi, kinapepea, mpunga unalala kulia na kushoto, halafu tukasikia maji. Dungu likabaki limeinama upande, tumeng'ang'ania mpaka alfajiri, mbu wanatumaliza, shemeji hawazi mpunga wala dungu, anawaza tu atamwambia nini mkewe kuhusu chandarua. Na dada hakuamini! Alisema tumekiuza. Ilibidi aje mvuvi mmoja siku ya pili yake na kipande alichokiopoa ndo maneno yakapoa.

Tokea hapo nilishika jambo moja, pori lina wenyewe, na ukiwa mgeni humo yule mwenyeji hata awe mkulima asiyejua kushika mkuki ndo mwalimu wako. Shemeji hajapata kuwinda maishani lakini njia za viboko za bonde lile anazijua zote, ipi ya kutokea, ipi ya kurudia, ipi wanapita na watoto.

Kisiwa cha Reunion sitokaa sana, tulikuwa na siku chache bandarini. Wanasasi mnyama mdogo mwenye miba laini, wanamwita tangue, asili yake Madagaska, wanatoka na vijibwa na wana msimu mfupi tu wa mwaka, nje ya msimu askari wa misitu wanakukamata. Mzee aliyenipokea alinionesha karatasi yake ya kibali kabla hajanionesha mbwa, nikaona ajabu wakati ule, sasa hivi sioni ajabu.

Sasa Oman. Maskat ukienda ni nyumbani, unashuka unaamkiwa Kiswahili, unakula mandazi kwa mbaazi, kuna watu wetu huko tokea baada ya Mapinduzi ya 1964 na wengine wa kabla. Mimi nina ami yangu mdogo ni dereva, anapeleka mizigo kusini mpaka Haima, njia ya saa nyingi jangwa tupu, akaniambia wewe si msasi, twende ukaone watu wa nchi ya Jiddat al-Harasis. Nikamuuliza tutasasi? Akasema ukithubutu tutafungwa wote, twende ukatazame.

Tukafikia kwa mzee mmoja wa kabila la Harasis, hema, mbuzi, ngamia, Land Cruiser kuukuu, na kahawa isiyokwisha. Huyo ndo alinipa habari za choroa wa Arabuni, yule mnyama mweupe mwenye pembe mbili ndefu zimenyooka. Walikuwa wengi jangwani kwao na mabedui walikuwa wakisasi kwa miguu na kwa ngamia, unapata mmoja ukihangaika, basi wakawepo siku zote. Zilipokuja gari na bunduki za kisasa wakakimbizwa mpaka 1972 akauliwa wa mwisho wa porini, hapo hapo Jiddat al-Harasis. Mwisho kabisa, dunia nzima, wamebaki wa kufugwa tu, bahati nzuri kuna waliokuwa wameshapelekwa Marekani wakazaliana huko, na 1982 wakarudishwa jangwani na Harasis wenyewe ndo wakawa walinzi. Yule mzee alilinda. Alisimulia walivyoachiwa kutoka kwenye uzio, jinsi wazee wenzake walivyolia, watu wazima na ndevu zao. Halafu kwenye 1996 majangili wakaanza tena, safari hii wanawakamata wazima wakauze kwa matajiri, pori likapungua wanyama, serikali nayo ikaikata hifadhi ile ya choroa kwa asilimia 90, na 2007 ikafutwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, ndo ya mwanzo kabisa kufutwa. Mzee alipofika hapo alinyamaza akamimina kahawa.

Kichekesho kikaja pale tunaondoka. Mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na kitu, kusikia mgeni ni msasi wa Zanzibar akaona asiniache mikono mitupu, akaenda akamkamata dhabb, yule mjusi mkubwa wa jangwani, mkia wote miba, akamtia guniani akamuweka nyuma ya gari yetu ndo zawadi. Mie kumuona nikasema huyu ni kenge! Ami akaniambia tulia, hadithi si unaijua, Mtume (s.a.w) aliletewa dhabb akaacha kula akasema hayuko kwenye ardhi ya watu wangu, na Khalid bin Walid akamla mbele yake hakukatazwa. Tukawa tuko kwenye mjadala wa kisheria hapo hapo, mzee akasikia, akatoka hemani anamgombeza mjukuu, ati nani kakwambia uchukue viumbe vya watu, mrudishe, na si popote, shimo lile lile ulilomtoa, mana shimo la mwengine atapigwa.

Basi tukapakia wote, mie mbele na ami, kijana nyuma anatuelekeza, gunia limelala kwenye miguu yake. Hatujafika mbali gunia likawa jepesi. Kijana akasema kwa Kiarabu neno moja, mie sikulielewa lakini ami alilielewa vizuri sana mana aliinua miguu yote miwili akaiweka juu ya kiti, gari inakwenda, hakuna anayekanyaga kitu. Dhabb amepita chini ya kiti, amekuja kwenye pedeli, mkia unapiga bati pa! pa! pa! Ami, mtu wa kilo zake, alifungua mlango akatoka, gari ikawa inajiendesha taratibu, kijana anacheka mpaka anadondosha kilemba, mie nimeshika usukani kutoka upande wa abiria, tukapanda kilima cha mchanga, injini ikazima na matairi yakazama mpaka kati. Dhabb akashuka kwa mlango wa ami, hana haraka, akatembea, akaingia shimoni. Kijana akaapa ndo shimo lile lile. Sisi tukabaki tunachimba mchanga kwa sahani za chakula mpaka mzee akaja na ngamia, ndo, ngamia alituvuta, ami alisema kwenye maisha yake yote ya udereva hajavutwa na ngamia na akaniomba nisilisimulie Maskat. Nimelisimulia Unguja, Maskat sikuahidi watalipata kwa njia gani.

Denmark ndo habari ndefu zaidi. Mpwa wangu, mtoto wa dada mwengine, kaoa huko Jylland, na damu ya babu imo, akaenda kufanya mtihani wa uwindaji. Mtihani kweli, wa kuandika na wa kulenga, unaulizwa wanyama, ndege, sheria, usalama wa bunduki, ukifeli huwindi. Akaniambia mjomba, mimi nimekaa skuli kwa kitu ambacho babu alitufundisha kwa kutupiga makonzi. Nilifika kwake Januari, baridi ile sitoielezea, na akawaomba wenzake nije kwenye msako wao, si kwa bunduki mana sina leseni, bali kwenye kundi la wanaoingia msituni na fimbo kuwatoa wanyama. Kumbe nao wanafanya vile vile! Mstari wa watu na mbwa wanaingia huku, wapigaji wamesimama kule. Badala ya nyavu bunduki, basi.

Asubuhi wanasimama duara, kiongozi anasema leo kinaruhusiwa kupigwa hiki na hiki, kile marufuku, fulani anasimama pale, tunamaliza saa fulani. Kofia zina utepe wa rangi ya chungwa wa kuonekana. Kuna kikombe kidogo cha kinywaji chao kikali kinapitishwa, mpwa wangu akanipa kahawa bila hata kuniuliza. Nikapewa fimbo. Wenzangu wanaigonga kwenye mashina ya miti, tok tok, wanatoa sauti ya chini chini ya adabu. Mie nikaona hawa wanyama watatokaje na adabu hii, nikatia sauti ya maweni, huyooo! huyo huyo huyooo! sauti ya kifuani, nikasikia upande ule wote wa msitu umenyamaza, watu na ndege, halafu vichaka vikafumka, wakatoka paa wa kule, akatoka mbweha, wakaruka wale ndege wenye mikia mirefu kundi zima. Mpwa wangu alikuwa zamu yake, akasema Bismillahi akampiga paa mmoja, akamuwahi akamchinja bado ana roho. Wazee wa kule walikuja kunishika mkono mmoja mmoja na mmoja akataka nimfundishe, tukasimama msituni theluji inaanguka, mimi na mkulima wa Jylland tunalia huyooo, anaitoa puani, namwambia kifua bwana, kifua!

Sasa yule mbweha. Alikimbilia kwenye shimo na nyuma yake akaingia kijibwa cha mzee mmoja, zile mbwa ndefu zenye miguu mifupi, hakutoka. Tunamsikia anabweka chini ya ardhi, mara sauti inapotea. Mzee yule uso ulimbadilika. Wakaleta masepetu na sururu, ardhi imeganda, inatoa cheche, wanachimba zamu kwa zamu na mchana wa Januari huko ni mfupi. Mie chakula chao cha mchana nilikuwa nimekiacha, mkate mweusi juu umepakwa nyama ya nguruwe, na dada alikuwa amenifungia papa mkavu kutoka Makunduchi, nilikuwa na kipande mfukoni nakitafuna kidogo kidogo. Papa yule mnajua harufu yake. Nikawaambia sogeeni, nikapiga magoti, nikakiweka mdomoni mwa shimo upande upepo unaoingilia, nikapiga mbinja ya kumwita mbwa ya babu. Tukakaa. Wanatazamana. Halafu ikatoka pua, udongo mtupu, ikanusa, akatoka mzima mzima akaukamata papa akakaa juu ya buti langu anatafuna. Yule mzee alimkumbatia mbwa, akanikumbatia mimi, halafu akauliza kupitia kwa mpwa wangu ile ni dawa gani. Mpwa akamjibu ni samaki, hakuamini, akanusa mwenyewe, akasogea nyuma hatua mbili.

Mbwa siku nzima hakuniacha, kanilamba mikono, kanilamba suruali. Tukarudi nyumbani Magharibi inakaribia, mie nataka kuosha mara saba na moja ya udongo, na udongo Denmark mwezi Januari ni chuma. Mke wa mpwa wangu anatazama dirishani anamuona mjomba wa mumewe ameinama bustanini usiku anakwangua ardhi kwa kijiko cha supu, akamuuliza mumewe mjomba kapoteza nini. Alipoelezwa akaingia ndani akaniletea chungu cha ua lake la sebuleni, udongo laini, mkavu, akasema chukua. Mungu ambariki yule mtoto.

Lakini kilichoniingia zaidi ya vyote ni mwisho wa msako. Wanyama wote waliopatikana wanalazwa kwenye majani mstari mmoja, kwa mpangilio, watu wanavua kofia, baragumu linapigwa kwa kila aina ya mnyama wimbo wake, na hakuna mtu anayemruka mnyama kwa mguu, ni utovu wa heshima, unazunguka. Babu alikuwa akitukataza hivyo hivyo! Nilishikwa na kitu hapa kooni. Halafu kiongozi anaandika. Wangapi, aina gani, wapi. Kila mwenye leseni kwa mwaka anapeleka hesabu yake serikalini na hesabu hizo zinawekwa tokea 1941, na paa wao msimu wa madume wa kiangazi unaanza tarehe 16 Mei, kabla ya hapo hagusi mtu, na risasi za chembechembe za madini ya risasi wameshazipiga marufuku tokea 1996 mana zinatia sumu. Na wanyama wamejaa, unawaona kutoka barabarani.

Ndo nikarudi Unguja na hili ndo linaloniwasha. Sie tuna wanyama ambao Mdenmark hana, paa nunga akiisha kwetu na Kenya ameisha duniani, na yule mzee wa Harasis alishaniambia kinavyokuwa kitu kikiisha, kukirudisha ni kuazima kutoka kwa watu. Sisemi usasi ndo umemmaliza peke yake, misitu ya mawe inakatwa kuni, inachomwa makaa, viwanja vinauzwa mpaka ndani kabisa, lakini na sie tumo. Wasasi wa asili walikuwa na siku zao na mipaka yao, Mtende hawaingii pori la Muyuni bila kuagana. Wa sasa wanakuja na pikipiki usiku, tochi kali, mnyama anasimama anashangaa taa anapigwa, na wengine wanatega waya, na waya haujui huyu ni jike mwenye mimba wala huyu ni paa nunga ambaye sheria imemkataza. Waya unabaki pale hata mwenyewe ameshausahau. Nilimtoa mmoja kwenye waya karibu na msitu wa Jozani, ameshakufa, shingo imekatika nusu, kitoto chake kimesimama pembeni. Hiyo siita kusasi mimi.

Tumefanya kitu kimoja kidogo kwenye kundi letu. Tumenunua daftari, lile kubwa la jalada gumu, linakaa kwa katibu wetu, na kila tukitoka, kwa kibali na kwa siku zilizoruhusiwa, linaandikwa: pori gani, tumeona nini, tumepata nini, tumeacha nini, nyaya ngapi tumeng'oa. Wazee waligoma mwanzo, mmoja akasema mambo ya kuandika yataleta kodi, mwengine akasema mnyama akiandikwa hatoki tena. Nikawasomea habari za choroa, nikawapigia na baragumu la Denmark kwenye simu, mpwa wangu aliirikodi, wakalipenda mpaka wakataka nalo. Sasa hivi mzee aliyegoma kuliko wote ndo anayesimama juu ya katibu, andika na kima, andika na yule ngawa, andika nimesikia kanga wa porini!

Kwenye ukurasa wa paa nunga kuna mistari michache sana, mengi ni nyayo na kinyesi, kuonekana kwa macho ni mara za kuhesabika. Chumbe walipelekwa kuhifadhiwa na wapo, lakini Chumbe ni kijisiwa. Kwa hiyo ndugu zangu wa Mtende, Muyuni, Jambiani, Michamvi na wale wa Kiwengwa, mtu akimuona, hata kijana anayekata kuni akipishana naye asubuhi, amwambie sheha wake au msasi anayemjua, aseme wapi na saa ngapi, na kima walikuwepo juu au hawakuwepo, mana hilo la kima wengi wanalisahau na sie ndo tunalolihitaji zaidi.